Mvua Iliyofungwa

Kalparti, 12 Machi 1989

Mjomba Jampijinpa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nyumba yetu ikiwa nyuma yangu. Ni ya bati, ina chumba kimoja, mlango wake haufungi, na sijawahi kuona nyumba nzuri kama hii. Kifua chako kimepona? Mbwa wako mweupe ameshazaa? Wasalimie wote pale Jirrinpa, hasa watoto wa shule niliokuwa nawafundisha kuandika, uwaambie mwalimu wao sasa hana akili kabisa.

Mjomba, ndoa ni tamu. Kule sekondari mjini Alice walitufundisha mito ya Ulaya na namna ya kukunja shuka za hospitali. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu anaweza kuamka asubuhi akamwona mwanamume akipuliza moto wa chai kwa mashavu yote mawili, na moyo ukamruka kama mbwa aliyesikia gari la nyama. Mume wangu Jupurrurla anatengeneza pampu za visima. Akirudi jioni ananuka grisi na vumbi, na mimi nimeanza kuipenda grisi. Jumamosi anapiga gitaa kwenye bendi yao. Wana nyimbo mbili tu, wanazirudia mpaka mbwa wanalala, na ile ya pili anaiimba akinitazama mimi. Jana alileta kenge mnene, akamchoma majivuni, akanipa mkia wote. Mkia wote, mjomba. Yeye akala miguu.

Na kufikiri kwamba ni wewe uliyemchagua, nikiwa bado na meno ya maziwa. Nilikuwa nakulaani moyoni nilipokuwa shuleni. Naifuta laana yote.

Mama anaendeleaje? Najua bado yuko kwenye kambi ya wafiwa na bado haongei, kama msiba unavyotaka, anasema kwa mikono tu. Mpelekeeni mkia wa kangaruu, ajue umetoka kwangu. Nywele nilizokata siku tuliyomzika kaka, yule tusiyemtaja jina tangu afe, sasa zimefika masikioni. Jupurrurla anasema nafanana na kinda la ndege emu. Anasema hivyo kwa mapenzi.

Redio ya Alice imesema mchoraji Jampijinpa wa Jirrinpa amekubali kuchora ukuta mkubwa kwenye nyumba mpya ya kusikilizia madai ya ardhi. Walisema ni picha ya Mvua. Siulizi kitu. Nimesema tu nilichosikia redioni.

Mpwa wako mwenye furaha,
Napanangka


Jirrinpa, 6 Aprili 1989

Napanangka,

Marahaba. Barua yako ina kurasa nne. Tatu na nusu ni Jupurrurla. Nilimpa mke wangu anisomee ile sehemu ya kenge kwa kuwa macho yangu yalikuwa yamechoka, akacheka mpaka akakohoa. Kwa taarifa yako, sikumchagua yeye. Nilimchagua baba yake, mtu wa maana, aliyejua kunyamaza. Huyu alikuja pamoja na baba, kama kupe anavyokuja na ng'ombe.

Kifua ni kile kile. Mbwa amezaa sita, wote wabaya. Timu yetu ya mpira imefungwa na watu ambao hata viatu hawana. Watoto wa shule wamepata mwalimu mpya, anavaa kofia ndani ya nyumba. Dada yangu, mama yako, nampita kwa mbali kama inavyotakiwa kwa kaka na dada. Mkia amepelekewa. Haongei.

Baraza limenichagua tena kuwa mwenyekiti, maana wengine wote walikuwa wamelala. Banda la wachoraji limejaa. Mwezi uliopita nilimkamata Jangala, mwanangu yule mwenye ndevu, anachora Mvua pembeni bila mtu wa kumtazama, ili akauze haraka kwa watalii. Nilimnyang'anya turubai mbele ya watu wote. Nikamwambia, mwenye kuchora bila mwangalizi ni mwizi anayeiba kwa baba yake mwenyewe.

Sasa kuhusu redio. Redio imesema kweli, jambo ambalo si kawaida yake. Msanifu wa jengo alikuja hapa, mtu wa soksi fupi nyeupe. Mfukoni alikuwa na kipande cha zulia la kijani. Akakitandaza mchangani, akaniambia, "Mzee, rangi zako ziendane na hili." Nikamwangalia. Mbwa akaja akakikojolea kile kipande, nikaona tumeelewana.

Lakini ukuta wenyewe, mpwa, uko nyuma ya kiti cha jaji. Umeelewa? Watu wetu watasimama pale mbele kuulizwa nchi hii ni ya nani, na jibu litakuwa limeandikwa nyuma ya kichwa cha yule anayeuliza. Baba yangu alitembea maisha yake yote akingoja ukuta kama huo.

Mimi ndiye mwenye Mvua, wimbo na picha ya nchi yetu, kwa upande wa baba. Ninyi, watoto wa dada yangu, ndio waangalizi wake. Mwenye huchora, na mwangalizi hukaa karibu akasema hapa sawa, hapa umekosea, hapa funika. Sikufundishi. Nakukumbusha, maana naona kichwa chako kimejaa gitaa. Yule aliyetutoka alikuwa ndiye jicho letu. Alipokufa, Mvua ikafungwa, haiimbwi wala haichorwi mpaka mwangalizi aifungue. Mwangalizi aliyebaki ni wewe.

Jengo linafunguliwa Septemba. Andika mstari mmoja: Nimefungua. Kisha endelea kula mikia.

Mjomba wako,
Jampijinpa


Kalparti, 30 Aprili 1989

Mjomba wangu,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Barua yako ilikwama mjini Katherine kwa sababu mto ulifurika, ndege haikuruka. Mvua ya watu wengine hiyo, si yetu.

Mwambie mke wako asiishie kwenye kenge, kuna mengine. Wiki iliyopita Jupurrurla alinipeleka kwenye kisima kimoja mbali, akaniambia nifumbe macho. Nikafumba. Akawasha pampu, maji yakatoka ardhini kwa kishindo yakanilowesha mpaka kichwani. Akasema, "Nimekuletea bahari." Hajawahi kuiona bahari, mimi pia. Tulikaa pale kwenye tope kama vyura mpaka jua likashuka. Naandika haya najua utasema kupe amenilewesha. Sawa, nimelewa.

Nimemaliza sasa habari zangu za ulevi, nisikilize.

Siwezi kuandika mstari ule. Mama bado hajafunguliwa mdomo. Wanawake hawajamgusa midomo, hawajamrudishia maneno. Kaka alikuwa mwanawe kabla ya kuwa jicho letu. Mama anaomba maji kwa mikono, anaomba chumvi kwa mikono, na wewe unataka mimi niiambie Mvua iongee kabla yake? Mama akisema, nami nitasema. Siku hiyo hiyo, mjomba. Nitapanda hata ndege ya barua.

Na hata hapo sitaifungua kwa karatasi. Babu alinikalisha karibu na goti lake nikiwa mdogo akaniambia mwangalizi ni macho. Bahasha haina macho.

Ukuta huo naupenda. Niliposoma ile sehemu ya jibu kuwa nyuma ya kichwa cha anayeuliza nililia, nikamsomea Jupurrurla, naye akaweka gitaa chini. Ndiyo maana nakataa nikiwa na uchungu.

Napanangka


Jirrinpa, 21 Mei 1989

Napanangka,

Marahaba. Baridi imeanza. Watoto wote wana mafua, na mwalimu wa kofia ameongeza skafu. Watoto wa mbwa nimewagawa, wa sita hakutakiwa na mtu, nimembakiza, anaitwa Msanifu.

Nimeisoma barua yako mwenyewe safari hii. Kumbe kule sekondari walikufundisha pia kunifundisha mimi. Vizuri. Wewe mwali wa miezi mitatu, uliyeloweshwa na pampu ya ng'ombe ukadhani ni bahari, unaniambia mimi kwamba bahasha haina macho. Nilikuwa natazama Mvua ikichorwa mchangani kabla mama yako hajajua kutembea.

Hujui kinachoendelea hapa, basi nikuambie. Msanifu wa jengo amerudi, yule mwenye soksi. Amesema kama Jirrinpa hatuwezi, watamwita mchoraji mmoja wa duka la Alice. Nikamwuliza atachora nini. Akasema, "Kitu cha kupendeza tu, kangaruu watatu na jua linatua." Kangaruu watatu. Watu wetu watasimama wadai nchi ya baba zao, na nyuma ya jaji kangaruu watatu watakuwa wanatazama jua linatua. Jaji atafikiri amekuja kula keki.

Hicho ndicho unachonifanyia ukiwa umekaa juu ya ndoo yako.

Na kuhusu mama yako. Jumanne nilipita mbali na kambi yao. Akaniona. Akapunga mkono hivi, mara mbili. Nimechukulia kwamba amekubali.

Jampijinpa


Kalparti, 18 Juni 1989

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa mafua ya watoto. Hapa baridi si kali, na hata ingekuwa kali nisingejua, kuna mtu wa kunipa joto. Tumepanda mchicha wa kizungu, umeliwa na punda. Bendi imepata wimbo wa tatu. Unanihusu mimi na una makosa ya sarufi na ni wimbo mzuri kuliko yote duniani.

Mama alikuwa anafukuza nzi, mjomba. Unajua na mimi najua. Hata nzi wanajua.

Sasa magurudumu. Alhamisi gari la mizigo lilisimama mbele ya nyumba yetu, dereva akashusha magurudumu manne mapya ya Toyota, hayana barua wala jina. Nikamwuliza, "Ya nani?" Akasema, "Mzee mmoja wa Jirrinpa, amesema yeye hajasema kitu."

Mjomba, wewe ni mkwe wake. Jupurrurla haruhusiwi kukutaja wala kukukalia karibu. Ukija kutoka kushoto yeye anatokea kulia. Na unajua vizuri kwamba zawadi ya mkwe haikataliwi, na kwamba anayeipokea hawezi kulala mpaka ampe mkwe anachokitaka. Nawe unachotaka ni kauli yangu. Kwa hiyo umemfunga mikono mume wangu, na umefanya hivyo bila kufungua mdomo, ukaiita heshima.

Ungemwona. Magurudumu ya gari lake yamekwisha mpaka nyuzi zinaonekana, anayahitaji kama maji. Lakini aliyatazama yale mapya kama vile ni wewe umekaa pale uani, umevaa mpira. Anayazunguka. Akitoka mlangoni anainamisha kichwa. Gitaa anapigia nyuma ya nyumba ili yasisikie. Jana nilimwona amesimama mbali akasafisha koo kwa adabu kabla ya kupita. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku ya pampu, na wewe nilikudharau, mjomba, nasema neno hilo nikijua uzito wake. Mwenyekiti wa Baraza, mtu aliyemnyang'anya Jangala turubai mbele ya umati, anahonga kwa mpira.

Usiku Jupurrurla aliniuliza, "Ukisema ndiyo, nini kitatokea?" Nikamwambia, "Utapata magurudumu." Akafikiri sana. Akasema, "Basi acha tuendelee kutembea kwa miguu." Sikumwomba aseme hivyo.

Magurudumu yanarudi kwa gari lile lile. Dereva nimemwambia aseme kwamba mimi sijasema kitu.

Jibu langu ni lile lile. Mama akisema, nitasema.

Napanangka


Jirrinpa, 9 Julai 1989

Napanangka,

Marahaba. Magurudumu yamefika. Moja lina alama ya jino la mbwa wenu.

Shangazi yako wa magharibi ameng'olewa meno mawili, anaendelea vizuri, anakula uji na kulalamika. Tumefungwa tena mpira. Mwalimu wa kofia ameomba uhamisho, watoto wamemfanyia sherehe ya kumuaga kabla hajajibiwa.

Mbao zimeletwa kutoka Alice, pana sana, zimejaza banda. Zitaunganishwa kule kule ukutani. Zilikaa wiki nzima zimeegemea ukuta, nyeupe, zinanitazama. Rangi zinakauka kwenye makopo watu wakiziangalia tu. Mtu wa redio alikuja na kinasa sauti, akaniuliza najisikiaje. Nikamwambia najisikia ninaulizwa maswali.

Nimeanza. Nimepaka ardhi, na kingo zote, na upande wa mashariki ambao hata watoto wanaruhusiwa kuuona. Hayo si ya kufunguliwa na mtu. Usipige kelele.

Juzi Jangala aliingia bandani nikiwa juu ya magoti nafanya kazi. Alisimama nyuma yangu muda mrefu. Akasema kwa upole, "Baba, leo nani anakutazama?" Nikamwambia akanichotee maji. Akaenda. Hakurudi.

Wale wengine wanachora huku wamenipa mgongo. Wanadhani sioni. Mimi ndiye niliyejenga banda lile, mwaka wa nane sasa, nikawafundisha kuosha brashi, nikawafukuza wafanyabiashara waliokuwa wanakuja na chupa za pombe na kuondoka na picha. Sasa wananipa mgongo kama jaji atakavyoupa ukuta.

Usiniulize kuhusu katikati.

Jampijinpa


Kalparti, 13 Agosti 1989

Mjomba,

Leo sitaandika kuhusu mume wangu.

Ameleta gazeti kutoka Katherine. Wewe uko ukurasa wa tatu. Yule wa soksi amekuwekea mkono begani. Nyuma yenu ziko mbao zote, zimepangwa chini, na katikati pamejaa. Hukupaacha. Ulipojaza, nani alikaa karibu nawe? Picha ya gazeti ni ndogo na ina madoa ya mafuta ya chipsi, lakini nimepaona vizuri. Na kuna kosa, mjomba. Sitaandika ni lipi. Kaka angekuwepo angekugusa kiwiko, ungecheka, ungerekebisha, chai ingeendelea. Kwa sababu hakuwepo, kosa liko gazetini na watu wa Katherine wamefungia chipsi.

Umesema unataka jibu liwe nyuma ya kiti cha jaji. Nimefikiri wiki nzima ukuta ule utajibu nini. Utasema kwamba mwanamume mmoja, akiwa peke yake, akiwa na haraka, anaweza kusema nchi hii ni yangu bila mtu mwingine yeyote kumwambia ni kweli. Lakini hiyo ni sheria yao. Ndivyo walivyokuja nayo: mmoja alisimama, akasema ni yangu, hakukuwa na mpwa pembeni. Unataka kwenda kuwaonyesha sheria yao wenyewe, kwa rangi zetu, kwa mkono wa mtoto wa babu. Afadhali kangaruu watatu. Wao hawasemi uongo, wanatazama jua tu.

Unatudharau sote, mjomba. Nimezoea, nimekulia humo, nilidhani ni namna yako ya kupenda. Unamdharau mwalimu kwa kofia yake na mume wangu kwa gitaa lake. Lakini wewe ndiye uliyeuza kitu, na kwa bei gani? Mkono begani.

Hii hapa kauli uliyoiomba, kwa karatasi, kwa kuwa umenifikisha huko. Babu alinionya kwamba mwangalizi ni macho, nami nimeona kwa gazeti, tumevunja sote. Kwa hiyo nasema kama mwangalizi wa Mvua, na nikishasema, wewe huna la kusema tena:

Funika.

Katikati yote. Mbele ya wale waliokupa mgongo, si usiku.

Napanangka


Jirrinpa, 24 Septemba 1989

Napanangka,

Marahaba, ingawa safari hii hukunisalimu.

Habari za hapa: joto limerudi, nzi pia. Mbwa Msanifu amekua, bado ni mjinga. Shangazi amepata meno mapya, hayamkai, anayatia mfukoni akila. Mwalimu amehamishwa. Mama yako yuko vile vile, nampita mbali, na sasa nikipita anashika kichwa kwa mikono miwili na kunionyesha jua, maana yake nivae kofia, mimi ni mzee. Safari hii hafukuzi nzi.

Barua yako niliisoma mara moja. Kisha nikamtafuta mtu wa kumtukana, nikakosa. Kwa siku kadhaa nilimtukana Msanifu, yule wa miguu minne, naye alifurahi kwa sababu hakuna anayezungumza naye.

Kisha nikaingia bandani asubuhi, wote wakiwa pale. Nikasema kwa sauti, "Napanangka amesema nifunike." Hakuna aliyegeuka. Nikachukua brashi pana ya kupaka kuta za vyoo, kopo la rangi nyekundu ya ardhi, nikapiga magoti nikaanza. Ilikuwa kazi nzuri, mpwa, ukiondoa kosa hilo moja ambalo sasa nimeshalijua ni lipi. Nilikuwa sijawahi kuchora vizuri namna ile. Niliifunika sehemu hiyo kwanza.

Mbao ni pana. Magoti yangu yalikataa. Nikamwita Jangala nikamwambia, "Wewe mwizi, shika upande wa pili." Akashika. Hakucheka, jambo ambalo mimi ningelifanya. Tulipomaliza nilimrudishia turubai lake. Bado ni baya, nimemwambia.

Usidhani nililia. Rangi ile inawasha macho.

Sasa siku ya kufungua. Tulikwenda na lori, wazee saba na Jangala, tumevaa mashati meupe ya Baraza yanayobana shingo. Mbao zilikuwa zimeshapelekwa wiki moja kabla, zimeunganishwa ukutani, na nyuma ya kiti cha jaji ilikuwa imening'inia nchi yetu yote kingo kwa kingo, mashariki na magharibi, na katikati pamekuwa pekundu tupu kama uwanja uliofagiliwa. Yule wa soksi alipotuona alikuja mbio. Akasema, "Mzee, umefanya nini? Gazetini palikuwa pamejaa." Nikamwambia gazetini hata mimi nilikuwa na rafiki. Akasema na ile nyekundu haiendani na zulia. Nikamwambia basi abadilishe zulia. Alinywa glasi mbili za maji moja kwa moja.

Kulikuwa na keki, kama nilivyosema. Watu wenye suti wakaja mmoja mmoja kutushika mikono. Mmoja aliniambia ile sehemu nyekundu imemgusa sana, kwamba ni ukimya wa jangwa. Mwingine akamsahihisha, akasema ni jua. Walibishana karibu nami wakiwa na keki mdomoni, hakuna aliyeniuliza mimi.

Kisha akaja jaji mwenyewe. Shingo ndefu, mikono safi. Nilikuwa nimeshamwandalia dharau yake. Lakini alizunguka meza, akakigeuza kile kiti chake, akakaa akiutazama ukuta, akiwa amewapa mgongo watu wote wenye suti. Akaniuliza, "Hapo katikati pana nini?"

Wazee wakanitazama. Jangala akatazama viatu vyake.

Nikamwambia, "Hapo ni mpwa wangu."

Akasema, "Samahani?"

Nikamwambia, "Mimi ndiye mwenye kuchora. Yeye ndiye mwenye kusema ni kweli. Bado hajasema. Kwa hiyo hapo bado hapana kitu, na sina ruhusa ya kukudanganya kwamba kipo."

Hakutikisa kichwa kama wanavyofanya wanapotaka uone wameelewa. Aliuliza tena polepole, "Yaani hata wewe huwezi kusema peke yako?"

"Hata mimi," nikasema. Neno hilo sikuwahi kulisema, nakuambia. Miaka sitini na kitu, na shati linabana.

Jaji akasema basi watu watakaokuja kudai mbele yake atawauliza kwanza nani anawatazama. Alisema hivyo tu, akaenda kula keki. Sijui kama atafanya. Wao husema mambo karibu na keki. Lakini wazee wote saba waliyasikia, na Jangala ameshayaimba mara tatu kwenye lori.

Yule wa soksi hakukubali kushindwa. Alinifuata mpaka kwenye lori na kitabu chake cha tarehe, akaniambia ukuta ni lazima ukamilike, na siku hiyo jaji itabidi ahamishe kiti, kwa hiyo anataka kujua lini hasa.

Nikamwambia akamwulize dada yangu Nampijinpa, pale Jirrinpa, kambi ya wanawake, na aende asubuhi kabla ya joto. Aliandika jina, akauliza mama huyo anapatikana kwa simu. Nikamwambia hapana, na kwa sasa haongei.

Mjomba wako,
Jampijinpa